Rozell Gaddis, msajili wa wachezaji wafupi wa Chuo cha Tolliver

Saa tisa alasiri ya Jumapili, ibada imekwisha na watu wamekula wakashiba. Rozell Gaddis ameketi kwenye kibaraza cha mbao cha Bi Arletha Sykes, sahani ya pai ya pichi magotini, kofia ameilaza sakafuni kando ya kiatu. Amekuja kuomba mwana wa watu.

Bi Arletha anapukuchua kunde ndani ya beseni. Tangu mgeni aketi hajamtazama usoni. Mwanawe, Kelvontae, aliyetimiza miaka kumi na minane mwezi uliopita, amesimama akiegemea nguzo, mikono mfukoni, akijifanya anaangalia barabara.

"Kocha, tusizungushane," anasema Bi Arletha. "Wenzako watatu walishakuja hapa. Wote walikula, wote walishukuru, na wote waliniambia mwanangu angekuwa na inchi nne zaidi wangemchukua siku hiyohiyo. Wewe umekuja kula tu, au una neno?"

Gaddis anakwangua sahani mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Nina neno, Bi Arletha. Mimi nikimwona mrefu, napita. Warefu wana wenyewe."

Mama anacheka kidogo, lakini hamwachii. Anataka kujua nani atahakikisha kijana anaingia darasani, ataabudu kanisa gani, na goti likivunjika itakuwaje. Gaddis anajibu moja baada ya jingine bila kupamba. Kuhusu goti, anamtajia vijana wawili walioumia na kuacha kucheza, na ambao mpaka leo wanaendelea na masomo palepale. Haahidi kwamba Kelvontae atacheza mwaka wa kwanza. Anaahidi kwamba atafundishwa kuona.

Anapoinuka kuaga, Bi Arletha anamfungia nusu ya pai kwenye karatasi ya foili na kumpa. Gaddis anaipokea kwa mikono miwili. Katika kaunti hizi za kusini mwa Alabama, mama akikufungia chakula umeshajibiwa. Kilichobaki ni kutia saini.

Gaddis ana miaka hamsini na minne, mwili wa mtu aliyeinua vitu vizito maisha yake yote, na sauti ndogo isiyolingana kabisa na mwili huo. Kwenye karatasi za chuo yeye ni kocha msaidizi. Kwa vitendo ni msajili, mwalimu wa watu wa mstari wa mbele, dereva wa basi dogo, na mfuaji wa jezi pale anapokosekana mwingine. Analipwa dola elfu thelathini na nne kwa mwaka, pungufu ya alichokuwa akipata kiwandani.

"Vernell ndiye anayetunza nyumba," anasema akimtaja mkewe, mwalimu wa darasa la pili. "Mimi natunza petroli."

Timu anayoitumikia ina umri wa miaka minne tu. Kabla ya hapo, Tolliver kilikuwa chuo kidogo cha walimu na wauguzi, wanafunzi hawafiki mia tano, mabweni mawili yamefungwa na mengine yana mwangwi. Maji yalipozidi unga, bodi ya chuo ikaamua kujaribu dawa ambayo kila mtu wa huku anaijua: kuanzisha timu ya mpira. Mpira wenyewe ni huu wa hapa, wenye umbo la yai, wa kubebwa mikononi na kusukumana vifua. Kijana ambaye hatavuka barabara kwa ajili ya maktaba, ataendesha gari saa tano kwa ajili ya mpira huo.

Bodi ilitoa misimu minne. Ndani ya muda huo timu ilete wanafunzi wapya mia moja na ishirini, na isiwaaibishe. Ikishindwa, ifungwe, na wengi waliamini kwamba chuo nacho kingeifuata kaburini.

Waliipa jina la Nyumbu, yule chotara wa punda na farasi, kwa heshima ya wanyama waliolima mashamba ya pamba ya babu zao. Wapinzani walifurahi mno. Nyumbu, waliimba majukwaani, hana baba wala hatazaa mwana.

Kocha mkuu aliyeajiriwa, Whitfield Dansby, alikuwa mwalimu wa sekondari aliyestaafu. Alijua mpira lakini hakuwa na mchezaji hata mmoja. Wiki ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwa Gaddis, aliyekuwa nyuma ya nyumba yake akikaanga kambare.

"Nilimwambia sina wachezaji, ila yeye anaijua kila nyumba," anakumbuka Dansby. "Akaniuliza kama nimekula. Nikamjibu sijala. Basi, kazi ikaanza hapo."

Ni kweli alizijua nyumba hizo. Kwa miaka thelathini na miwili Gaddis alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Alianza kwa kuwatundika kuku hai kwenye vyuma, kumi na wanane au ishirini kwa dakika, na akamaliza akiwa msimamizi wa zamu. Kiwanda kilipohamia jimbo jingine, alikuwa na miaka hamsini, mabega mabovu na barua ya shukrani.

Kisa cha kuingia kiwandani ndicho anachokisimulia kwa shida. Mwaka 1988, Rozell akiwa mchezaji bora wa shule yake, msajili wa chuo kimoja alipiga simu akaahidi kufika Jumanne saa kumi na moja jioni. Mama yake, Idella, aliomba ruhusa kazini, akakaanga kuku, akapika sukuma wiki na mkate wa mahindi, akatandika kitambaa cha meza cha Pasaka. Rozell alivaa tai ya marehemu baba yake.

Saa kumi na moja ikafika ikapita. Saa moja chakula kikafunikwa. Msajili hakuja, wala hakupiga simu tena. Baadaye ilisikika kwamba aliambiwa kijana ni mfupi kwa nafasi anayocheza.

"Mama alinivua tai mwenyewe, akaikunja," anasema Gaddis. "Jumatatu iliyofuata nikaingia kiwandani."

Lakini mpira haukumtoka. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi, aliwafundisha watoto wa wafanyakazi wenzake bila malipo. Walikuwa watoto wadogo wa maumbo, wengine viatu havijawakaa. Kuwapanga wasukumane na watoto wakubwa wa mjini kulikuwa kuwaonea. Ndipo akaushika mtindo wa zamani ambao timu nyingi kubwa zimeutupa: mashambulizi ya kukimbia, bila kurusha mpira mbali, yanayotegemea macho kuliko misuli.

Anaueleza kwa chupa za sosi mezani. Mgawaji, yaani kijana anayepokea mpira na kuongoza shambulizi, ana njia tatu kila mara. Ampe mwenzake anayepasua katikati, abaki nao mwenyewe, au amrushie mkimbiaji anayekwenda naye ubavuni. Siri iko kwa mlinzi mmoja wa upinzani ambaye kwa makusudi hazuiwi na mtu. Mgawaji anamtazama huyo. Mlinzi akimfuata huyu, mpira unakwenda kwa yule.

"Unamwacha mtu mmoja huru, kisha unahakikisha kila anachochagua ni kosa," anasema. "Huhitaji kuwa mkubwa kwa hilo. Wembamba wa reli, garimoshi linapita."

Mtindo huo ndio ukawa mtego wake wa kusajili. Vyuo vingine vikimtafuta mgawaji wa futi sita na inchi tatu mwenye mkono wa kurusha yadi sitini, Gaddis alitafuta kijana mfupi mwenye macho. Vikitafuta watu wa mbele wenye kilo mia na arobaini, yeye alitafuta wa kilo tisini wanaochomoka kutoka chini kama chura aliyeguswa. Na kwa kuwa Tolliver hakina fedha za kumlipia mchezaji ada yote, alikwenda kwa wale ambao simu zao hazikuwa zikilia.

Kwa gari lake la mwaka 2009, lililokwisha kutembea maili laki tatu, alifika kwenye nyumba mia mbili na kumi mwaka wa kwanza. Alianzia zile zilizo mwisho wa barabara za udongo. Kanuni yake ni moja: akisema saa kumi, saa kumi kasorobo yuko getini.

Quindarius Mabry, Gaddis alimpata kwenye bwawa la kufugia kambare, amezama maji hadi kifuani, akivuta wavu na wanaume watano. Kijana ana futi tano na inchi saba. Gaddis alisimama ukingoni dakika ishirini akimwangalia. Aliona kwamba kila samaki walipogeuka, Mabry alikuwa ameshageuka kabla yao. Alimsajili kabla hajamwona akishika mpira. Leo ndiye mgawaji wa Nyumbu.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa machozi matupu. Michezo kumi, vipigo kumi. Chuo cha Marbury Hills, jirani mkubwa mwenye uwanja wa zege na bendi ya watu mia, kiliwafunga sitini na tatu kwa sifuri, na watu wake wakabeba bango lililoandikwa NYUMBU HANA UKOO. Kwa kinyozi mjini wazee walimpokea Gaddis kwa kejeli. Mmoja alimuuliza kama anawafundisha vijana mpira au kuanguka. Alijibu kwamba kuanguka walishafuzu, wiki ijayo wanaanza mpira.

Msimu wa pili walishinda miwili. Wa tatu, mitano. Ndipo likaja jaribu alilokuwa akiliogopa.

Januari iliyopita chuo kikuu kimoja kilimpigia simu Mabry. Kilikuwa tayari kumlipia kila kitu, ila acheze nafasi nyingine, si ugawaji. Mabry alikuja ofisini kwa Gaddis akiwa ameshika simu kama kitu kilichokufa. Angeondoka, timu isingekuwa na kichwa katika msimu wa mwisho wa muda wa bodi. Makocha wengine walitaka Gaddis amkalishe, amlainishe, amkumbushe alikotolewa.

Hakufanya hivyo. Alimwambia aende akaone kwa macho yake, akampa fedha ya petroli.

"Vernell alinitazama kama mtu aliyefungua zizi kwa mkono wake mwenyewe," anasema. "Lakini mimi nilinyimwa kuchaguliwa. Sikuweza kumnyima mtoto wa mtu kuchagua."

Siku mbili baadaye Mabry alirudi, akaingia ukumbi wa mazoezi, akaanza kupanga vyuma. Alipoulizwa, maneno yake yalikuwa machache.

"Kule walinipima urefu mara tatu, Kocha. Hakuna aliyeniuliza ninaona nini."

Msimu huu wa nne Nyumbu walishinda michezo saba kati ya tisa ya mwanzo. Ukabaki mmoja, Jumamosi ya pili ya Novemba, nyumbani, dhidi ya Marbury Hills. Bodi ilikuwa imepanga kupiga kura Jumanne iliyofuata. Idadi ya wanafunzi ilishatimia, tena ilizidi. Lakini wajumbe kadhaa walikuwa wakinong'ona kwamba timu imeshinda vibonde tu, na kwamba aibu ya sitini na tatu kwa sifuri haijafutwa.

Watu elfu nne na mia tano walijaa kwenye uwanja wenye viti elfu tatu. Waliokosa viti walipanda juu ya magari yao nje ya uzio. Bi Idella, mama yake Gaddis, mwenye miaka themanini na moja, aliletwa na kiti chake kutoka nyumbani kwa sababu haamini viti vya chuo.

Nusu ya kwanza ilikuwa msiba. Marbury Hills walikuwa na mlinzi wa namba tisini na moja, pande la mtu la futi sita na inchi tano, ambaye wasajili wa ligi ya kulipwa walishaanza kumtembelea. Bo Tillery, mtoto wa mkulima wa karanga na nguzo ya mstari wa mbele wa Tolliver, alipewa kazi ya kumzuia akisaidiwa na mwenzake. Tisini na moja aliwalaza wote wawili, kisha akamwangusha Mabry mara nne. Walikwenda mapumziko wakiwa nyuma ishirini na moja kwa sifuri. Lile bango la ukoo likapungwa upande wa wageni.

Chumbani, Mabry alikuwa na mfuko wa barafu begani. Tillery alikuwa akilia kimyakimya akiangalia ukuta. Dansby alishika chaki akitaka kuongeza mtu wa tatu wa kumzuia yule jitu. Gaddis alimsogelea akasema kwa sauti yake ileile ndogo.

"Tumwache."

"Tumwache nani?"

"Tisini na moja. Asiguswe na mtu. Tunapoteza watu wawili kwake na wote anawalaza. Tukimwacha, hao wawili wanakwenda mbele kuwazuia wengine."

Siku zote Nyumbu walimwacha huru mlinzi wa kawaida. Hakuna aliyewahi kufikiri kumwacha huru aliye bora kuliko wote uwanjani. Dansby aliishusha chaki.

"Rozell, yule atamuua huyu kijana."

Aliyejibu ni Mabry, bila kuinua kichwa. "Hawezi kunishika mimi na Jamonte kwa wakati mmoja. Nitamtazama nyonga. Akija kwangu, atanikuta sina mpira."

Jamonte Hicks, mkimbiaji wa ubavuni, aliitikia kwa kichwa. Dansby alifuta ubao wote.

Shambulizi la kwanza la nusu ya pili, tisini na moja alikurupuka kwa nguvu kama alivyozoea, akitafuta wa kumwangusha, akakuta njia nyeupe. Hakuna aliyemgusa. Alisita kidogo, na katika kusita huko mpira ulikuwa umeshampita, Hicks akakimbia yadi arobaini. Mara iliyofuata akaamua kumfuata Hicks. Mabry akabaki na mpira, akapenya katikati mpaka ndani. Alama sita, na teke la ziada likaleta ya saba. Ishirini na moja kwa saba.

Robo ya mwisho wakaongeza saba nyingine. Tillery, aliyekuwa analia, sasa alikuwa akiwafagia walinzi wa nyuma ambao kwa nusu nzima hakuwahi kuwafikia. Tisini na moja alianza kuwauliza wenzake amfuate nani. Gaddis aliyaona hayo akiwa pembeni ya uwanja, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hakutaka vijana wauone uso wake.

Zikiwa zimesalia dakika tano na nusu, walipata mpira mbali, yadi sabini na sita kutoka mwisho. Majukwaani watu walianza kupiga kelele warushe, warushe mbali, muda unakwisha. Hawakurusha hata mara moja. Walikimbia mara kumi na nne mfululizo, yadi nne, yadi sita, yadi tatu, kama mtu anayelima tuta. Sekunde kumi na moja zikiwa zimebaki, Mabry aliingia. Ishirini na moja kwa ishirini.

Sasa kulikuwa na uamuzi. Wangepiga teke la alama moja, wakawa sare na kwenda muda wa nyongeza, au wangejaribu kuingia tena kutoka yadi tatu kwa alama mbili na kumaliza palepale. Wakikosa, wamefungwa.

Dansby alimgeukia Gaddis.

"Hawa wamekuja hapa kwa sababu hakuna aliyewaamini kwa yadi tatu," Gaddis alimwambia. "Mimi nawaamini."

Mpira ulipotoka, Mabry alikimbilia kulia, Hicks ubavuni mwake. Tisini na moja alikuwa amesimama palepale, peke yake, ameambiwa na kocha wake asimwache mgawaji kwa lolote. Alimvamia Mabry kwa uzito wake wote, na kishindo chake kilisikika hadi kwenye magari nje ya uzio. Lakini mpira ulishatoka mkononi mwa Mabry nukta moja kabla. Hicks aliudaka kiunoni, Tillery akamlaza mlinzi wa mwisho, na Hicks akaingia akitembea.

Ishirini na mbili kwa ishirini na moja.

Mabry alikuwa chali, hajui kilichotokea. Gaddis alimfikia kwanza, akapiga magoti.

"Alikuja kwangu?" Mabry aliuliza.

"Alikuja kwako, mwanangu. Kwa nguvu zote alizokuwa nazo."

Walimwinua pamoja. Bendi ya Tolliver, watu ishirini na sita, ilicheza mpaka midomo ikavimba, na watu wakamwagika uwanjani. Bi Idella hakuinuka kitini. Mwanawe alipomfikia, alimshika kidevu mbele ya umati kama mtoto wa miaka sita, akamwambia anahitaji kunyolewa.

Jumanne bodi ilipiga kura, wanane kwa mmoja, timu iendelee. Tena wakaongeza kocha mwingine na kuagiza bweni moja lililofungwa lifunguliwe. Kwa kinyozi, yule mzee wa kejeli alimpisha Gaddis kwenye zamu yake. Hakuomba radhi, alisema tu ana haraka kidogo leo, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote, na wote walilielewa.

Simu sasa zinalia zenyewe. Vijana sitini na watatu wameandika kuomba kutazamwa, na baadhi yao ni warefu. Gaddis hana kiburi nao, ila anaonya kwamba msimu wa mwakani hautakuwa mteremko. Wachezaji kumi na tisa wa kundi la kwanza wanamaliza, Mabry na Tillery wakiwemo. Wapinzani watakuwa wameuchambua mtindo wake majira yote ya joto. Anapanga kuongeza mbinu za kurusha, kidogo, "kama chumvi." Na anahitaji macho mapya ya kuongoza, ndiyo sababu alikuwa kwa Bi Arletha Jumapili. Karatasi za Kelvontae zilifika Alhamisi, zimetiwa saini na mama kwa kalamu nyekundu.

Lakini tarehe anayoihesabu kwenye kalenda si ya mchezo. Ni Jumamosi ya kwanza ya Mei. Wafanyakazi wa Tolliver husoma bure, na Gaddis, aliyekuwa ameanza masomo ya jioni zamani za kiwandani akayaacha, aliyaendeleza tangu mwaka alioajiriwa, majira yote ya joto bila kupumzika. Amekaa darasa moja na vijana aliowatoa vibarazani kwao. Somo la takwimu lilimtoa jasho, na Mabry ndiye aliyekuwa akimfundisha, akimtania kwamba kwa kasi hiyo atahitimu pamoja na wajukuu zake.

Umebaki mtihani mmoja. Akifaulu, atavaa joho siku moja na wachezaji wake kumi na tisa, na majina yataitwa kwa mpangilio wa herufi.

"Nilishaangalia orodha," anasema Mabry. "Gaddis anatangulia, Mabry baadaye. Nimemwambia, usiwe na wasiwasi, Kocha. Wewe fungua njia, mimi niko nyuma yako."